Marubani wa Marekani wana msemaji, abiria wa Shabunda wana nani?

Mwaka 2017, Rais Donald Trump aliunga mkono mpango wa kuondoa kazi ya kuongoza ndege angani mikononi mwa serikali ya Marekani na kuikabidhi kwa shirika lisilo la serikali. Makampuni mengi makubwa ya ndege yaliutaka. Mwezi wa pili mwaka 2018, mbunge Bill Shuster, aliyeuleta bungeni, aliuacha.

Kati ya waliouangusha ni AOPA, chama cha marubani na wamiliki wa ndege ndogo kilichoanzishwa mwaka 1939. Mwenye ndege ndogo huchangia huduma hiyo kupitia kodi ya mafuta. Chama kiliogopa kwamba kesho angedaiwa malipo kila anaporuka, na bei ingepangwa na makampuni makubwa.

Hiyo ndiyo faida ya kuungana. Lakini tusifikiri chama cha namna hiyo kinamtetea kila mtu. Ndege nyingi ndogo za pistoni bado zinatumia mafuta yenye madini ya risasi. Huko California, wilaya ya Santa Clara ilisimamisha kuyauza katika viwanja vyake tangu tarehe 1 Januari 2022, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba watoto wanaokaa karibu na kiwanja cha Reid-Hillview wana risasi zaidi katika damu. AOPA inakubali mafuta hayo yaondoke, ila inapinga yakatazwe kabla ya kupatikana mengine yanayofaa kila injini. Hoja hiyo ina uzito, maana injini ikizimika angani hakuna pa kuegesha. Hata hivyo, mtoto wa jirani si mwanachama.

Mashariki mwa Congo, ndege ndogo si starehe ya matajiri. Shabunda, barabara zikiharibika, chumvi na dawa hufika kwa ndege. Walikale, watu wanakumbuka ndege zilizotua juu ya barabara huko Kilambo kubeba kasiterite. Na makampuni yote ya ndege ya Congo yamekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya.

Abiria analipa Go-Pass tangu mwaka 2009, lakini hana kiti popote pesa hiyo inapojadiliwa. Rubani akilazimishwa kupakia kupita kipimo, nani atasimama naye bila yeye kupoteza kazi? Mwenye ndege anajua mlango wa kugonga Kinshasa. Mama muuzaji aliyeketi katikati ya magunia haujui.

Kwa hiyo chama cha wamiliki peke yao hakitatosha. Marubani, mafundi, wafanyabiashara na abiria waingie pamoja, na barua yao ya kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga iombe jambo moja: kila ajali ya ndege, ripoti ya uchunguzi itolewe hadharani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.