Ukipanga kwenda Rubondo, uliza pia waliokuwa wakiishi kule

Likizo kubwa ya shule inakaribia, na jamaa wenye akiba kidogo wananiuliza: watoto tuwapeleke wapi? Jibu langu ni Rubondo, kisiwa cha Tanzania kilicho kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Lakini safari hiyo ipangwe vizuri, tena isiishie kwenye mfuko na tiketi.

Tuanze na njia. Kwa barabara unapita Rwanda, unavuka mpaka wa Rusumo, kisha unaendelea hadi wilaya ya Chato. Boti za hifadhi zinaondokea Kasenda, karibu na Muganza. Mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi, na njia za msituni zinapitika vizuri. Hifadhi za Tanzania zina bei ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na bei ya wageni wengine. Congo ni mwanachama tangu 2022, kwa hiyo beba pasipoti na uulizie bei hiyo kabla ya kulipa.

Kisiwani kuna fukwe za mchanga, lakini watoto waliozoea kujirusha ziwani waonywe kabla ya kutoka nyumbani: maji yale yana mamba na viboko. Ufukweni mtakaa na kutazama tai wanavyonasa samaki. Mtatembea msituni na mwongozaji, mtapanda boti, na mkibahatika mtaona tembo, twiga na nzohe, yule swala wa kwenye matete.

Na kuna sokwe mtu, wale tunaowaita shimpanze. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na shirika la Frankfurt Zoological Society waliwaleta kumi na kadhaa kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa Afrika wakiwa wadogo, wakakulia vizimbani. Walipoachiwa wakajifunza msitu wenyewe, wakazaa, na leo wajukuu wao hawalishwi na mtu. Mwenye mafua asiwafuate: ugonjwa mdogo kwetu unaweza kuwaua.

Sasa lile ambalo sisi wa Kivu hatuwezi kulipita kimya. Rubondo iliishi watu, wavuvi wa kabila la Wazinza. Walihamishwa ili kisiwa kibaki cha wanyama, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Sokwe alirudishiwa msitu, mvuvi akaondolewa ufukweni. Hadithi hii tunaijua: Kahuzi-Biega ilipofanywa hifadhi mwaka 1970, Batwa walitolewa katika msitu wa mababu zao, na kidonda hicho hakijapona hadi leo.

Wengine watasema: basi tusiende. Sikubaliani nao. Kiingilio kinasaidia kulipa walinzi, na msitu usio na mlinzi tunajua unavyoishia kwenye magunia ya makala. Twende, lakini tuulize. Muulize mwongozaji: nani aliishi hapa? Wajukuu wake wako wapi? Wanapata nini katika pesa niliyolipa? Swali si tusi, na mwenye hifadhi akilisikia kila siku atalazimika kutafuta jibu.

Siku amani itakaporudi na tukaweza kupanda tena Kahuzi kuwaona ngagi, twende na maswali hayohayo. Mtoto atakayerudi shuleni akisimulia sokwe na wavuvi pamoja, huyo ndiye atakuwa amekiona kisiwa.