Usiku Viboko Wakipita

Mwezi uliopita sikuonekana ofisini siku sita, na wenye midomo yao wakasema nimeachika. Sijaachika. Nilikuwa St Lucia na baba watoto, na nusura niachike hukohuko.

St Lucia ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ukitua Durban unakodi gari, unashika barabara ya N2 kuelekea kaskazini hadi Mtubatuba, halafu unakata kulia kwenda baharini. Hesabu saa tatu hivi, kama dereva wako si kama wangu, anayesimama kila penye kivuli kupokea simu.

Mji wenyewe ni barabara moja kubwa, maduka, sehemu za kula, na akina mama wa Kizulu wanaouza matunda na vikapu pembeni. Basi. Hakuna foleni, hakuna anayekimbilia popote. Upande mmoja una Bahari ya Hindi, ileile yetu ya Dar, upande wa pili una Ziwa St Lucia. Eneo hilo lote ni hifadhi, inaitwa iSimangaliso, yaani maajabu kwa Kizulu, na UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999.

Sasa usikurupuke na nguo zako za kuogelea kama mimi! Pale maji ya ziwa yanapokutana na bahari hapaogeleki. Kuna mamba, viboko na papa, wote mahali pamoja. Wenyeji walituelekeza Cape Vidal, ndani ya hifadhi. Mchanga msafi, vilima vyenye msitu mpaka juu, na kwa kuwa ilikuwa Julai, nyangumi wanapita kwa mbali. Tulikaa kutwa nzima, mimi na nyangumi wangu, yeye na simu yake.

Jioni tukapanda boti. Viboko wamejazana majini, unaona macho na masikio tu. Usiku wanatoka kula majani, na wengine wanapita katikati ya mji, mbele ya mageti ya watu. Vibao vya kuonya vipo barabarani. Giza likiingia, mambo ya kutembea kwa miguu unayaacha.

Hapo ndipo tulipopatikana. Nyumbani tukinuniana, mmoja anakwenda kwa washikaji zake, mwingine kwa dada yake. St Lucia utakwenda wapi? Usiku wa pili tumekaa barazani, mtandao umekatika, simu yake haina kazi. Akaniita, "Mama watoto." Kimya. "Nimepewa uhamisho. Mwanza. Barua ninayo tangu Aprili."

Miezi mitatu, msomaji wangu! Kitanda kimoja, meza moja!

Sikudanganyi, nilinyanyuka niondoke, nikafika mpaka getini. Ng'ambo ya barabara kiboko alikuwa anakula majani ya watu, taratibu, kama amelipia. Namsikia anavyoyang'oa. Nikarudi nikakaa.

Tulizungumza mpaka saa nane usiku. Zile simu zote, kumbe alikuwa anahangaika uhamisho ufutwe. Alinificha kwa sababu alijua nitachagua kazi, na mimi nikashindwa kumbishia. Nikamuuliza watoto tutawahamisha vipi shule katikati ya mwaka, na mama yangu, ambaye kliniki nampeleka mimi, nimwachie nani. Hakuwa na jibu. Akalia. Mara ya mwisho kumwona analia ilikuwa msiba wa baba yake.

Asubuhi tukaenda kunywa chai kama watu waliotoka kuugua, tukanunua mananasi mawili na kikapu ambacho hatukukihitaji.

Ukipanga kwenda, Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi, lakini beba sweta ya usiku. Ukitaka kasa wanaopanda ufukweni kutaga, nenda Novemba hadi Januari, joto utalivumilia. Na kule kuna malaria, kwa hiyo ongea na daktari kabla ya safari.

Anatakiwa kuripoti Mwanza Oktoba mosi. Juzi kaniambia eti kule nako kuna ziwa, na viboko. Nimemwambia anipe wiki mbili.