Programu za Kuhariri Video Nyumbani: Ya Bure Iliyo Halali au Kubwa Iliyoibwa?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, kila msimu wa harusi ukianza huja kwetu mzazi mmoja au wawili na swali lile lile: "Maalim, kijana amepewa video za harusi ya dada yake aziunganishe, anataka programu, tumpe ipi?" Na mara nyingi kijana mwenyewe yupo nyuma ya mzazi, mkononi ana fleshi, na ndani ya fleshi tayari kuna programu kubwa ya watu wa sinema, ambayo rafiki yake ameipata bila kuilipia, pamoja na kile kifaili kidogo cha kuvunja ufunguo ambacho vijana wanakiita kraki.

Tumeona tulijibu swali hili kwa maandishi, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, na kosa letu liliwagharimu watu wengine.

Mwaka juzi madrasa yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, ilifanya khitma ya wanafunzi. Simu tatu zilirekodi shughuli nzima. Tukataka kuzikata zile video na kuziunganisha, kila familia ipate nakala yake. Kompyuta ya madrasa ni ya zamani, tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akatutilia programu kubwa kwa faranga chache. Hatukumuuliza ameipata wapi. Tunakiri kwamba tulijua jibu, ndiyo maana hatukuuliza.

Hazikupita siku nyingi, asubuhi moja tukafungua kompyuta na kukuta majina ya mafaili yote yameongezewa herufi za ajabu mwishoni na hakuna hata moja linalofunguka. Katika kila folda kulikuwa na barua ya Kiingereza inayodai dola 980, nusu yake, yaani dola 490, kama tutalipa ndani ya saa 72. Daftari la ada lilikuwa humo, mitihani ilikuwa humo, na video zote za khitma. Mmoja wa wanafunzi wale alikuwa ameletwa na bibi yake, naye bibi alisimama mbele ya simu akamuombea dua mjukuu wake kwa sauti yake mwenyewe. Wiki tatu baadaye alifariki, Allah amrehemu. Familia ilipokuja kuomba ile video hatukuwa na cha kuwapa, maana tulikuwa tumeshazifuta katika simu ili kupata nafasi.

Kijana mmoja anayesomea kompyuta alitueleza kuwa ile barua ni ya virusi vinavyoitwa STOP/Djvu, vilivyosambaa sana kuanzia mwaka 2019, na kwamba njia yao kubwa ya kuingia ni hizo hizo programu zilizovunjwa. Kampuni ya Emsisoft ilitoa Oktoba 2019 chombo cha bure cha kufungua mafaili yaliyofungwa na aina 148 za virusi hivyo, lakini aina zilizokuja baadaye nyingi hazifunguki, na yetu ilikuwa miongoni mwa hizo. Dola hatukulipa. Hatukuwa nazo, na hata tungekuwa nazo tusingempa mwizi malipo ya wizi wake.

Sasa turudi kwenye hoja ambayo tunaisikia sana barazani. Baba mmoja alituambia: "Maalim, kampuni hizi ni za matajiri, haziwezi kupungukiwa na kitu kwa sababu ya mtoto wangu." Tunaielewa hoja hii. Adobe kwa mfano iliacha kutoa matoleo mapya ya Premiere Pro kwa malipo ya mara moja tangu 2013 ikageukia kodi ya kila mwezi, na kodi hiyo leo ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Familia gani ya mtaani kwetu italipa hizo kwa ajili ya video ya harusi moja? Lakini ughali wa kitu haujawahi kuwa ruhusa ya kukichukua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kuwa haki za utunzi na za uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria, na haifai kuzivamia. Wako wanaojadili hali ya dharura, kama mwanafunzi wa udaktari asiyepata kitabu. Sawa. Lakini katika kukata video ya harusi dharura iko wapi, na ilhali zipo programu nzuri ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao?

Na hapa ndipo tunataka wazazi watusikilize vizuri, kwa sababu neno "bure" lina maana zaidi ya moja na vijana wanazichanganya.

Iko bure ya kwanza, nayo ndiyo tunayoipenda sisi. Shotcut, Kdenlive na OpenShot ni programu huria. Leseni yao, iitwayo GPL, inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani, hata kuwapa mtaa mzima. Ukiipakua mara moja unaweza kuipeleka kwa fleshi nyumba hadi nyumba na hujamdhulumu mtu. Kwa sisi ambao mega za intaneti zinakwisha kabla ya mwezi kwisha, hii si faida ndogo.

Bure ya pili ni ya DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design. Ni programu ya watu wa sinema kwelikweli, na toleo lake la bure halitii alama yoyote juu ya picha na lina mambo mengi kuliko utakayoyahitaji maishani. Toleo la kulipia linaitwa Studio, ni dola 295 mara moja tu. Lakini hata hilo la bure ni mali ya kampuni: kila mtu alichukue kwao mwenyewe, si la kugawana kwa fleshi. Na tena ni zito. Kulipakua tu ni zaidi ya GB 2, na kampuni inashauri kompyuta iwe na RAM ya GB 16, na kadi ya picha yenye nguvu. Tumewaona vijana wawili wakilitia katika laptopu za RAM ya GB 4, kisha wakakaa jioni nzima wakiangalia kompyuta imeganda. Mwenye kompyuta mpya yenye nguvu na anayetaka kuifanya kazi hii iwe riziki yake, basi ajifunze Resolve, ni ilimu itakayomfaa. Kwa nyumba nyingi za kwetu, hapana.

Bure ya tatu ni ile yenye kamba. Filmora utaitumia bure, ukimaliza kazi utakuta alama yake imekaa juu ya video mpaka ulipe. Si wizi, wamesema wazi, ila ni vizuri ujue kabla hujapoteza usiku mzima. Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua 2021 na huja pamoja na Windows 11, haina tabia hiyo, inatoa video safi ya 1080p bila malipo. Inataka akaunti na intaneti, basi. Mwenye vyote viwili anaweza kuanza nayo bila kutafuta kwingine. Na mwenye simu au kompyuta ya Apple asihangaike, iMovie anayo tayari.

Sisi wenye umri wa miaka arubaini na kitu tulijifunzia Windows Movie Maker, iliyokuja na Windows Me mwaka 2000. Tuliipenda. Lakini Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017, kwa hiyo anayekuletea leo Movie Maker kutoka tovuti usiyoijua anakuletea kitu kingine kilichovaa jina hilo.

CapCut tunaitaja peke yake kwa sababu ndiyo iliyomo katika simu ya kila mwanafunzi. Ni nyepesi kujifunza, hilo hatulikatai, ingawa mengi yaliyokuwa bure zamani sasa yanalipiwa. Wasiwasi wetu uko kwingine. Masharti yake yaliyobadilishwa mwaka 2025 yanaipa kampuni haki pana mno, isiyo na mwisho, juu ya kile unachokipandisha kwao. Video ya kaka yako akicheza mpira, sawa. Lakini fikirini video ya harusi: upande wa akina mama, wamevua mitandio yao wakidhani wako peke yao, na aliyerekodi ni binti waliyemuamini. Yule binti amepewa amana. Je, anayo ruhusa ya mama mmoja mmoja kuipeleka picha yake mahali asipopajua? Tunaona video za namna hii zihaririwe katika kompyuta ya nyumbani, kwa programu inayofanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa, na mwenye kuhariri awe mwanamke. Na zikishakabidhiwa, zifutwe katika simu ya aliyerekodi. Hili kwetu ni kubwa kuliko suala la bei.

Basi tunachagua nini? Kwa nyumba ya kawaida tunachagua Shotcut. Inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux, kuipakua ni chini sana ya GB 1, na ina lugha ya Kifaransa, ambayo watoto wetu wanaisoma shuleni. Wenyewe wanasema RAM ya GB 4 inatosha kwa video za ubora wa kawaida, na GB 8 kwa video za HD. Sura yake mwanzoni inachanganya, hatuwadanganyi, vidirisha vinafichwa na kufunguliwa hapa na pale, lakini baada ya jioni mbili tatu mkono unazoea. Ina kitu kinachoitwa proksi, yaani inakutengenezea nakala nyepesi za video uzifanyie kazi, kisha mwishoni inatumia zile nzito zenyewe. Mwenye kompyuta dhaifu awashe hiyo tangu mwanzo.

Jambo jingine lililotufaa: video za simu mara nyingi huwa na kasi ya picha isiyo sawa, na ukizihariri hivyo hivyo, mdomo wa msomaji unakwenda na sauti inakuja nyuma yake. Katika kisomo cha Qur'ani hilo ni aibu. Shotcut ikiiona video ya namna hiyo inakuuliza kama uigeuze kwanza iwe rahisi kuhaririwa. Mkubalie. Inachukua muda, nenda kasali, urudi.

Kdenlive tunaipa nafasi ya pili, na kwa mwanafunzi mwenye Linux tungeipa ya kwanza. Ilianza 2002, imepangika vizuri kuliko Shotcut pale unapokuwa na simu tatu zilizorekodi shughuli moja, na umeme ukikatika katikati ya kazi, ukiifungua tena inakuuliza kama irudishe ulipofika. Shotcut nayo ina uokozi wa namna hiyo. OpenShot ndiyo nyepesi kuielewa kwa mtoto wa miaka kumi na mbili, lakini video ikiwa ndefu tumeiona ikizima yenyewe, basi tunaiacha kwa kazi fupi fupi.

Na tafadhali, wanafunzi, shikeni hili, maana hata wakubwa linawapiga. Unapohifadhi kazi yako katika programu hizi, lile faili dogo linalohifadhiwa si video. Ni maelezo tu: kata hapa, unga pale. Video zenyewe zinabaki zilipokuwa. Ukizifuta katika folda, au ukihamisha folda mahali pengine, ukirudi utakuta programu inalalamika haizioni. Wekeni kila kitu cha kazi moja katika folda moja, na asili ya video ikae pia katika fleshi nyingine isiyochomekwa kwenye kompyuta. Kama tungekuwa na fleshi ya faranga chache iliyokaa kabatini, leo wajukuu wa yule bibi wangekuwa na sauti yake.

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri kompyuta ya madrasa itakuwa wazi. Njooni na fleshi tupu, tutawatilia Shotcut na Kdenlive tulizozichukua kwa wenyewe, bila malipo. Resolve msituombe, hiyo kila mtu aichukue kwa wenyewe. Na mwenye fleshi yenye kraki asiichomeke kwetu hata kwa dakika moja, amwambie kwanza mwalimu aliye mlangoni.

Wabillaahit tawfiiq.