Tusiikimbilie Ndege

Ndege ndogo ituapo kiwanjani, wengi wetu huikimbilia kwa furaha. Mimi naona desturi hii haifai hata kidogo. Pangaboi likizunguka upesi halionekani; macho huona hewa tupu. Mwaka 2011, huko Texas, Marekani, msichana mmoja aliyeshuka katika ndege ndogo alipigwa na pangaboi, akapoteza mkono na jicho. Na ndege ilikuwa imekwisha tua salama! Hata injini ikizimwa, usiliguse pangaboi, kwani likisukumwa kwa mkono injini yaweza kuwaka ghafula. Basi, ndugu wasomaji, tungoje mbali mpaka pangaboi lisimame na rubani atuite. Wazazi nao wawashike watoto mikono. Furaha ya kumpokea mgeni isigeuke matanga.