Bomba la Gesi Lisipite Vivi Hivi

Mnamo Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya maelewano kuhusu kusafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Wanaoushabikia mradi huu huitaja Mombasa kwanza, na hawajakosea. Kituo cha umeme cha Kipevu III, kilichoanza kazi mwaka 2011 kikiwa na uwezo wa megawati 120, huchoma mafuta mazito yaletwayo kwa meli na kulipiwa kwa dola. Gharama hiyo humwangukia mwananchi katika bili yake ya kila mwezi. Wapo wanaodai kwamba mvuke wa Olkaria unatosha. Mvuke huo huzalisha umeme, naam, lakini hauwezi kusafirishwa hadi pwani ukawashe tanuri la saruji.

Hata hivyo, faida ya bomba haiko kwenye ncha zake mbili tu. Mtwara ni ushahidi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoazimia kuipeleka Dar es Salaam, wakazi waliandamana, na ghasia za mwaka 2013 zikaangamiza mali na uhai. Kuna waliowaita wachoyo. Tuhuma hiyo haina mashiko, kwani watu hao walitarajia viwanda, wakaonyeshwa mtaro wa kufukia bomba. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Kiwanda kikubwa cha saruji mkoani humo kilikuja kuunganishwa na gesi baadaye, ishara kwamba walichokidai kiliwezekana tangu awali.

Basi mkataba kamili wa bomba la Mombasa, utakapoandikwa, utaje matawi yake: Tanga, Kwale, hata Kilifi. Kila tawi huhitaji kituo cha kupunguza shinikizo la gesi, na ni nafuu kuliandalia nafasi bomba linapojengwa kuliko kulikata likiwa tayari limejaa. Kwale, ambako uchimbaji wa titani ulikoma mwaka 2024, vijana wanahitaji viwanda zaidi ya hotuba.

Aidha, mikataba ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Huu uchapishwe kwa Kiswahili pia, kabla ya kutiwa saini, ili mvuvi wa Vanga na mkulima wa Mkinga wausome na kuuliza maswali katika lugha wanayoizungumza wote wawili.