Njia Imekamilika, Mabasi Yako Wapi? Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka

Kwa Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART),
Dar es Salaam.

Mheshimiwa,

Nakuandikia hadharani, wala si kwa bahasha iliyofungwa, kwa kuwa nitakalolisema si langu peke yangu na si siri ya mtu: husemwa kila asubuhi katika foleni za Kimara, husemwa tena jioni Kivukoni na Gerezani watu wakiwa wamechoka, na aghalabu husemwa kwa hasira, ilhali ni jambo linalotaka kusemwa kwa utulivu na kuwekwa mbele ya mwenye dhamana nalo. Muradi wangu si kumlaumu mtu. Tangu Wakala wako ulipoanzishwa mwaka 2007 viongozi wake wamebadilishwa zaidi ya mara moja, na lau kama kubadilisha watu ndiyo dawa, maradhi haya yangekuwa yamepona zamani.

Insafu inataka tuanze na jema. Tarehe 10 Mei 2016, mabasi yalipoanza kupita katika njia yao ya peke yao katikati ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na katika matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 20.9 kwa jumla, mji huu ulipata kitu ambacho haukuwahi kuwa nacho tangu siku za kampuni ya mabasi ya DMT iliyoanza mwaka 1949, wala katika siku za UDA iliyoirithi kazi hiyo mwaka 1974, wala baada ya mwaka 1983, serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria na daladala zikatawala: ulipata usafiri wa umma unaompita mwenye gari lake. Mtu wa Kimara aliyezoea kutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi kazini Posta akaanza kunywa chai yake kwa raha, na tajiri akakaa ndani ya gari lake lenye kiyoyozi akilitazama basi la walalahoi likipita ubavuni mwake bila kugeuza shingo. Watu wakaliita Mwendokasi, jina ambalo halikungoja kikao cha ofisi yoyote; na kwa mwaka 2018 Dar es Salaam ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, nasi tukajiona tumefika.

Walakini ndani ya jema lile mlikuwa na upungufu uliojulikana tangu siku ya kwanza. Mahitaji ya awamu ile yalikadiriwa kuwa mabasi 305, na yaliyoanza kazi yalikuwa 140. Kampuni iliyopewa kuyaendesha, UDA-RT, iliitwa mtoa huduma wa mpito, na mkataba wake wa mwaka 2015 ulikusudiwa kudumu miaka 2 tu, wakati mwendeshaji wa kudumu akitafutwa kwa zabuni. Mpito huo ukachukua karibu muongo mzima. Mabasi mengine 70 yakaagizwa, lakini kabla ya kuonja lami yakakaa bandarini muda mrefu yakibishaniwa kodi. Karakana nayo ikajengwa Jangwani, katika bonde ambalo kila mzaliwa wa mji huu anajua kuwa ni la Mto Msimbazi, na masika yalipokuja mto ukaenda kudai chake, mabasi yakiwa ndani. Sasa linajengwa daraja refu mahali pale, nasi twashukuru. Lakini daraja huinua njia tu, haliongezi basi hata moja.

Niruhusu nikae kidogo katika jambo la ufundi, maana hapo ndipo kiini cha barua hii kilipo, na nahisi wakubwa wetu wengi hulipita haraka. Kituo cha Mwendokasi si kituo cha daladala, ambapo gari lolote lenye konda na pumzi laweza kusimama. Kimewekwa katikati ya barabara, na sakafu yake imeinuliwa ilingane na sakafu ya basi, ili mwenye mtoto, mwenye mkongojo na mwenye kiti cha magurudumu waingie bila kupanda ngazi. Na kwa kuwa sisi huendesha magari upande wa kushoto, basi la njia hiyo sharti liwe na milango upande wa kulia, kinyume cha mabasi mengine yote ya nchi hii. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba mabasi mahsusi yakipungua huwezi kwenda kuazima mengine Ubungo ukaziba pengo. Daladala haliwezi kuhudumia kituo kile, kwa kuwa mlango wake umeelekea upande mwingine na abiria amesimama juu. Anayejenga vituo vya namna hii bila ya kuwa na mkataba wa mabasi mkononi amejenga msikiti akasahau kisima.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme basi likitoka Kimara kwenda Kivukoni na kurudi, pamoja na kushusha, kupakia na kumpumzisha dereva, linatumia saa 2, yaani dakika 120. Ukiwa na mabasi 60 mazima katika mzunguko huo, basi hufika kila baada ya dakika 2; yakibaki 20, abiria hungoja dakika 6. Katika karatasi dakika 6 si kitu. Lakini asubuhi ya Jumatatu pale Kimara, katika dakika hizo 6, watu wanaoletwa na magari ya Mbezi na kwingineko hukijaza kituo kupita kiasi ambacho basi moja laweza kuchukua. Wa nyuma wanawasukuma wa mbele, kijana anapitia dirishani na mkoba wake mdomoni, mama mjamzito anarudi nyuma kungoja lijalo, mlango unagoma kufunga kwa sababu kiwiko cha mtu kimo, dereva anabonyeza kitufe tena na tena mpaka mtambo wa upepo unaouendesha mlango unakata roho, na jioni basi hilo linakwenda gereji. Kesho yake yamebaki 19. Ndiyo maana uhaba wa mabasi haukai mahali pamoja kama deni la dukani lisilo na riba, bali hujizaa wenyewe, na kila basi linalougua huwaambukiza yaliyobaki.

Na kwa kuwa mambo ni hayo, mtu mwenye akili angetazamia kwamba awamu ya pili ingeanza kwa kuuliza habari za mabasi. Haikuwa hivyo. Barabara ya Kilwa, kutoka katikati ya mji mpaka Mbagala, kilomita 20.3, ilianza kujengwa mwaka 2019 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mwaka 2023 kazi ya zege ilikuwa imekaribia kukamilika. Lakini mpaka mwaka 2025 ndipo wakazi wa Mbagala walipoanza kupanda mabasi yao, mabasi ya gesi ya mwendeshaji binafsi. Katika kungoja huko njia haikukaa bure, maana mjini hakuna kitu kinachokaa bure: bodaboda ziliigeuza kuwa yao, nao abiria waliokusudiwa kukaa kivulini chini ya mapaa mapya ya vituo wakaendelea kusimama juani kando ya barabara, wakigombania daladala mbele ya majengo yaliyojengwa kwa ajili yao. Tena hata mabasi hayo yalipowasili, Kimara palikuwa pameshakuwa na kilio, na ilipofika Oktoba 2025 sehemu yake ilipelekwa Kimara kwa amri ya serikali. Siipingi amri hiyo, kwa kuwa mtu anayezama haulizwi kamba ni ya nani. Naitaja kwa sababu imedhihirisha, kuliko ripoti yoyote, kwamba tulikuwa na njia mbili na mabasi ya njia moja.

Kwa nini huwa hivi? Nadhani kuna sababu ambayo haina mwizi ndani yake, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuikamata. Barabara huwekewa jiwe la msingi, kipuri hakiwekewi. Mkubwa anaweza kusimama mbele ya kilomita 20 za zege, akapigwa picha, akakata utepe, na watu wakaona kwa macho yao kodi zao zilikokwenda; hakuna mkubwa aliyealikwa kukata utepe wa boksi la breki. Wakopeshaji nao wana tabia hiyohiyo. Hutoa fedha kwa lami, zege, madaraja na majengo ya vituo, kisha huambiwa, na wao hukubali kwa furaha, kwamba mabasi yataletwa na sekta binafsi. Na sekta binafsi inapokuja hukuta nauli imepangwa na mamlaka nyingine, ushuru unatozwa na mamlaka ya tatu, njia inamilikiwa na wewe, na dhamana ya hasara haina mwenyewe. Mfanyabiashara akisita hapo simwoni kuwa hana uzalendo. Anajua kupiga hesabu.

Wala sisi si wa kwanza kupitiwa na haya. Majirani zetu wa Addis Ababa walifungua mwaka 2015 treni ndogo ya umeme ya mjini, njia mbili zenye urefu wa kilomita zipatazo 34 na treni 41, kwa mkopo mkubwa wa Uchina, na Afrika nzima ikawasifu. Haikupita miaka mingi sehemu kubwa ya treni hizo ikawa imelala karakanani kwa kukosa vipuri, ambavyo sharti vinunuliwe kwa fedha za kigeni, na mipango ya kuzirefusha reli ikabaki mipango. Kule Edinburgh, Uskochi, mkasa ulikuwa wa kinyume na kwa hiyo unafundisha zaidi. Baraza la mji lilinunua tramu 27 kwa ajili ya reli iliyokusudiwa kufika Newhaven, ufukweni. Fedha zikatumika kupita kiasi, mizozo na wakandarasi ikazuka, na reli ikakatwa katikati ya mji. Ilipofunguliwa mwaka 2014 ilikuwa imegharimu pauni milioni 776, na mji ukawa na tramu nyingi kuliko reli. Ni fedheha, ndiyo. Lakini Juni 2023 reli ilipofikishwa Newhaven, haikuhitajika kununua tramu hata moja: zilikuwapo, zimetunzwa, na madereva wanazijua. Serikali ya Uskochi pia iliunda tume chini ya jaji, Lord Hardie, iliyochukua miaka 9 kutoa ripoti (na wenyeji wakaicheka kwa ukawiaji wake, tena kwa haki), lakini ripoti ilitoka, ikachapishwa, na mlipa kodi akasoma nani alikosea wapi. Na tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya ugenini: Unguja ilikuwa na reli yake ya Bububu tangu mwaka 1905, ikipita karibu mno na baraza za watu, na leo haipo.

Sasa nije kwenye haja yangu, ambayo ni ndogo kuliko urefu wa barua hii. Mbele yako ziko njia ya Nyerere kwenda Gongo la Mboto na njia ya Bagamoyo kwenda Tegeta, na nyingine baada yake, mpaka mtandao wa awamu 6 utakapotimia zaidi ya kilomita 130. Naomba, kwa kila njia, Wakala utangaze hadharani, kabla ya tarehe ya kufungua, jina la mwendeshaji, tarehe aliyotia saini, idadi ya mabasi aliyoahidi, adhabu iliyowekwa asipoyaleta, na mahali yatakapotengenezwa yakiharibika. Na njia isiyo na majibu haya isikatwe utepe, hata kama zege lake linang'aa na mgeni rasmi amekwisha alikwa. Mkopo ujao ukijadiliwa, msikubali tena zege peke yake. Mabasi ya kuanzia na vipuri vya miaka ya mwanzo viandikwe katika hati ileile, vikihesabiwa kuwa sehemu ya njia, kwa kuwa kwa ujenzi wa vituo vyetu kweli ni sehemu ya njia. Ikiwa nauli inayolipwa haitoshi kuyatunza magari, semeni hivyo mbele ya watu, mkiwa na hesabu mkononi, ili serikali iamue kuchangia au abiria aamue kuongeza. Watu wa mji huu si watoto, na wamekwisha kulipa kwa muda wao gharama kubwa kuliko ile mnayoogopa kuwatajia.

Tena liko dogo ambalo halihitaji mkopo wala Bunge. Katika kila kituo kikuu, Kimara, Gerezani, Kivukoni, Morocco na Mbagala, uwekwe ubao mkubwa, hata wa chaki, uandikwe kila alfajiri tarakimu tatu: mabasi yanayotakiwa katika njia hii leo, yaliyotoka karakanani, na yaliyolala. Najua washauri watakwambia kuwa ubao kama huo utawakera abiria. Abiria wamekwisha kereka, Mheshimiwa, ila hawajui wamkerekee nani, ndiyo maana humkerekea dereva, ambaye ni mtu wa mwisho kuwa na kosa, na hulipiga mawe basi, ambalo kesho watalihitaji. Mwenye kujua kuwa leo yametoka 40 kati ya 90 atarudi nyumbani na swali sahihi, na swali hilo litamfikia mbunge wake, na huenda mbunge akaliuliza wakati wa bajeti, badala ya kuuliza lini jimbo lake nalo litapata jiwe la msingi.

Ubao wa kwanza ningependa kuuona Mbagala, kwa kuwa wao ndio waliongoja zaidi. Gharama yake seremala yeyote wa Keko atakutajia kabla ya adhuhuri.

Wasalaam,
Abiria wa Barabara ya Morogoro