Usalama wa Chakula na Utu wa Mfanyakazi: Ukweli wa Lebo Huanzia Kwenye Ujira wa Haki

Kila mwaka, ifikapo tarehe 7 Juni, Jumuiya ya Kimataifa huadhimisha Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2019 kufuatia azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2015 yalionesha kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na watu 420,000 kati yao hupoteza maisha. Miongoni mwa marehemu hao, 125,000 ni watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Siku kama hii inapofika, macho ya wengi huelekezwa kwa wakaguzi, maabara na wenye viwanda. Sisi tungependa kumtazama mtu ambaye mara nyingi husahaulika: yule anayechambua mahindi ghalani, anayepima unga na kuufunga mifukoni, anayebandika lebo, anayepika jikoni na anayetuletea sahani mezani.

Mlaji hana uwezo wa kuujua ukweli wote wa chakula anachotiwa sahanini. Mara nyingi mtu pekee anayeujua ni mfanyakazi huyu. Akiwa hana mkataba, akilipwa ujira usiomtosha, au akiishi kwa hofu ya kufukuzwa kesho, ukweli huo hautatufikia. Kumbe, afya ya mlaji na haki ya mfanyakazi ni mambo yanayokwenda pamoja, na hatuwezi kulidai moja huku tukilifumbia macho jingine.

Sumu isiyoonekana kwa macho

Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kutokana na mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki dunia. Mwaka 2016 janga la namna hiyo lilibisha hodi nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu zaidi ya 60 waliugua na takriban 20 wakaaga dunia. Sumukuvu hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine, hasa zinapohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Mlaji hawezi kuiona wala kuionja, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya kupata saratani ya ini. Ng'ombe akilishwa nafaka iliyooza, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Hivyo punje mbovu iliyoondolewa kwenye chakula cha watu yaweza kuturudia kwa njia nyingine.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi zilizokutwa zimevuka kiwango hicho. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti, na kwa siku kadhaa malori yalikwama mpakani. Mkulima ambaye hakuanika vizuri, mfanyabiashara aliyenunua kwa pupa na msagaji aliyepokea bila kupima, wote walionja matunda ya uzembe ule ule.

Hata hivyo, kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi hutegemea mikono ya mtu. Katika maghala na viwanda vidogo vya kusaga, kazi ya kuchambua punje zilizooza hufanywa na vibarua, wengi wao wakiwa ni wanawake. Kibarua akilipwa kwa idadi ya magunia aliyoyamaliza, haraka itaushinda umakini, kwa maana kila dakika anayoitumia kuchagua vizuri inapunguza chakula cha watoto wake jioni. Mwenye ghala anayelipa kwa namna hiyo hawezi kushangaa punje mbovu zinapopita.

Hali hii inatugusa kwa karibu pale tunapofikiria unga wa lishe. Katika parokia nyingi, vikundi vya akina mama hujipatia riziki kwa kuchanganya mahindi, karanga, soya na ulezi, kusaga na kuuza kwa ajili ya uji wa watoto. Ni kazi njema inayostahili pongezi. Lakini mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu, na karanga chache zilizoota kuvu, zikishasagwa pamoja na nafaka safi, hazitaonekana tena. Mama anayemkoroge­a mtoto wake wa miezi saba uji huo anaweka imani yake yote kwa mtu asiyemjua.

Lebo ni ushuhuda

Imani hiyo ndiyo inayobebwa na lebo. Tume ya Kimataifa ya Viwango vya Chakula, iliyoundwa na FAO pamoja na WHO mwaka 1963, imeweka mambo ambayo kila lebo yapasa kuyataja: jina la chakula, viambato vyake kwa kuanzia na kile chenye uzito mkubwa zaidi, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi kinakotoka, namba ya toleo, tarehe na namna ya kukihifadhi. Viambato vinavyoweza kuwadhuru watu wenye mzio, kama vile karanga, maziwa, mayai na samaki, ni lazima vitajwe waziwazi. Hapa Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, tangu Julai 2019.

Tuijue pia maana ya tarehe. Tarehe ya mwisho wa matumizi inahusu usalama: ikishapita, chakula hicho hakifai kuliwa wala kuuzwa. Maelezo kwamba bidhaa ni bora ikitumika kabla ya tarehe fulani yanahusu zaidi ladha na ubora wake. Namba ya toleo nayo humwezesha mzalishaji kuondoa sokoni mifuko ya siku moja iliyoharibika bila kutupa mzigo wote.

Kila neno la lebo ni ushuhuda, na ushuhuda waweza kuwa wa uongo. Tumfikirie kijana aliyeajiriwa ghalani kwa malipo ya kutwa, ambaye msimamizi wake anamkabidhi katoni za bidhaa zilizoisha muda na kumwagiza afute tarehe na kubandika mpya. Kijana huyu anajua kwamba ni dhambi. Anajua pia kwamba akikataa, kuna wengine kumi wanaosubiri nafasi yake nje ya geti, na kwamba kodi ya chumba inadaiwa. Hatusemi kwamba umaskini unageuza uongo kuwa ukweli, kwani dhamiri hubaki na sauti yake hata katika shida. Tunasema kwamba lawama kubwa humwangukia anayeamuru, na kwamba jamii inayomwacha kijana huyu bila mkataba na bila pa kushtakia imempokonya kinga ya kusema hapana. Wakaguzi ni wachache na hawawezi kuwapo usiku ghalani. Shahidi aliyekuwapo ni yeye.

Mhudumu anapougua

Mambo ni yale yale katika migahawa, hoteli na vibanda vyetu. Kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A huenezwa kwa urahisi na mikono ya mtu mgonjwa anayegusa chakula. Kwa sababu hiyo wapishi na wahudumu hutakiwa kupimwa afya na kukaa kando wanapougua. Lakini mhudumu asiyelipwa siku asipofika kazini atakuja na homa yake, ataficha kuharisha kwake na kutuandalia chakula. Kumlaumu kwa kukosa usafi, bila kuuliza angekula nini kama angebaki nyumbani, ni kuitazama nusu ya ukweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa ujira kamili na 63 zinazofuata kwa nusu ya ujira, mfanyakazi anapoleta cheti cha daktari. Sheria hiyo iliwaacha nje wasiotimiza miezi sita kazini, ila ikamlinda anayerudi kwa mwajiri yule yule mara kadhaa ndani ya mwaka, jumla ya muda wake ikizidi miezi sita. Ndiyo maana baadhi ya waajiri hupenda vibarua wa kubadilishwa kila mara: wanaokoa fedha kidogo, na gharama yake inalipwa na tumbo la mteja.

Sheria hiyo hiyo haimruhusu mwajiri kukata ujira kiholela kwa sahani iliyovunjika au kwa mteja aliyeondoka bila kulipa. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Ni wahudumu wangapi katika jumuiya zetu wanaolifahamu hilo? Na ni wasichana wangapi wanaovumilia maneno na mikono ya wateja walevi kwa sababu wameambiwa kwamba mteja hakosei?

Mwanga wa Maandiko na Mafundisho Jamii ya Kanisa

Anayeisoma sura ya 19 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi atakuta mambo haya yamewekwa pamoja. Mkulima anaagizwa kuwaachia maskini na wageni masazo ya mavuno. Mwajiri anaagizwa kumlipa kibarua siku ile ile. Mfanyabiashara anaagizwa kuwa na mizani na vipimo vya haki. Nabii Amosi, katika sura ya nane, anawakemea wanaopunguza kipimo, wanaochezea mizani na kuwauzia maskini makapi. Msikilizaji anayefahamu karaha ya lumbesa, au mfuko wa unga ulioandikwa kilo moja ilhali haufiki, hana haja ya kufafanuliwa unabii huo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapoifafanua Amri ya Saba, inautaja udanganyifu katika biashara sambamba na ulipaji wa ujira usio wa haki, na inaihesabu pia kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa ya jamii hiyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ni kipimo cha kuuthibitisha uadilifu wa mfumo mzima wa uchumi. Tukikitumia kipimo hicho jikoni, tutagundua mapema kuliko maabara mahali ambapo chakula chetu kina kasoro.

Tuanzie nyumbani

Tunajua kwamba wengi watasema biashara ndogo haiwezi kubeba mzigo huu. Hoja hiyo ina uzito. Mama lishe ni mwajiri na mfanyakazi kwa wakati mmoja. Anaamka saa kumi alfajiri, bei ya mafuta na mkaa inampanda, na mteja hataki kuongeza hata shilingi mia. Kumwelemea kwa faini bila kumpatia maji safi, choo na elimu si haki. Serikali za mitaa zina wajibu hapo, na sisi wateja tunao pia. Tunapong'ang'ania sahani ya bei ya chini kupita zote, tujue kwamba kuna mtu anayelipa sehemu iliyobaki, naye ni msichana anayeosha vyombo.

Tena tuseme ukweli unaotuhusu: Kanisa nalo ni mwajiri. Shule zetu, seminari, hospitali na nyumba za wageni zina majiko, na majiko hayo yana wapishi. Kabla ya kunyoosha kidole, kila taasisi ijiulize kama wapishi wake wana mikataba iliyoandikwa, kama wanachangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama wanaweza kusema "leo ninaumwa" bila kuogopa. Kamati za Haki na Amani za parokia ziwafundishe wahudumu na vibarua haki zao kwa lugha nyepesi. Vikundi vya unga wa lishe visaidiwe kununua kwa pamoja kipima unyevu na mifuko isiyopitisha hewa, kupeleka sampuli kupimwa, na kuandika kwenye lebo yale tu wanayoyajua kuwa ni kweli. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, familia zikumbushane kuanika mahindi juu ya turubai na kutowauzia wengine zile punje ambazo wao wenyewe wasingewapa watoto wao.

Kila Dominika tunaleta altareni mkate uliopita katika mikono ya mkulima, msagaji na mwokaji. Tunaupokea bila kuwaona watu hao, tukiamini kwamba walifanya kazi yao kwa uaminifu. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyemlisha Mwana wa Mungu kwa jasho lake, awaombee wote wanaotulisha, na atuombee sisi tunaokula, ili tuwalipe wanachostahili kabla jua halijatua.